Upande wa Upepo

Macho yalipokuwa mazima, Mzee Kola hakuwahi kujua kuwa nyumba yake ina sauti. Giza lilipomwingia ndipo alipoanza kuisikia. Asubuhi, jua likipanda, mabati yalitatarika, ta, ta, ta, kama mtu anayejivunja vidole. Mchana yalinyamaza, na hapo ndipo shughuli yenyewe ilipoanza, kwa sababu nyumba ilikuwa imekwisha kushika moto sawasawa, na joto lilishuka kutoka juu likamkalia mtu mabegani kama blanketi lililolowa.

Jina la Kola alipewa na mtaa. Alikuwa fundi cherehani, na kola zake zilisimama wima mpaka mwisho. Watu walisema shati la mzee huyu hufa kola ikiwa hai. Presha ya macho ilimwibia mwanga taratibu, kwanza pembeni, halafu katikati, hadi siku aliposhona mkono wa kulia mahali pa kushoto, akafunika cherehani yake na kitambaa. Wakati huo mkewe alikuwa amekwisha kufariki. Mwanawe wa pekee, dereva wa malori ya masafa marefu, akaona baba hawezi kuachwa peke yake, akamhamishia mkewe na mtoto wao mchanga pale nyumbani, naye mwenyewe akarudi barabarani.

Basi mzee akajikuta anakaa na mkwe. Mkwe huyu kazi yake ilikuwa usanifu wa majengo. Kutwa alichorea watu nyumba, na akirudi jioni anaingia katika tanuri hili bila kusema neno, maana ni nyumba ya baba mkwe, na mtu hasemi vibaya nyumba aliyopokelewa. Alifungua madirisha, akalowesha kitambaa, akampangusa mtoto. Mtoto mwenyewe alikuwa mnene wa kupendeza, wakamwita Kibonge, na joto lile lilimtoa vipele shingoni vikamfanya alie kila alasiri mpaka sauti ikauke.

Siku moja mkwe alimpeleka Kibonge zahanati kwa ajili ya vipele hivyo. Mzee Kola, akijua yuko peke yake, alivua shati, akavua na fulana, akajilaza kifudifudi kwenye saruji ya korido, shavu sakafuni. Ndipo mahali pekee palipokuwa na ubaridi kidogo, na hata huo alilazimika kuuhama, akilala hapa mpaka papate joto, kisha anajisogeza pale, kama paka anayetafuta kivuli. Usingizi ukampitia.

Aliamshwa na mlango. Ulifunguka, ukasimama. Akasikia pumzi ya mtu, na roho ikamruka: baba mkwe mzima, kifua wazi, sakafuni! Kabla hajajua aseme nini, mlango ulirudishwa polepole sana. Nyayo zikaondoka kwa kunyata hadi nje. Halafu geti likabamizwa kwa nguvu, kana kwamba ndiyo kwanza mtu anafika, na sauti ya mkwe ikapaa: "Hodi jamani! Kibonge, twende taratibu, mama amechoka, eeh, taratibu hivyo hivyo!" Na kweli alikuja taratibu kiasi kwamba konokono angempita.

Alipoingia, mzee alikuwa kitini.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mmerudi salama?"

"Salama." Akampa kikombe cha maji mkononi, akaenda zake jikoni.

Mzee alipitisha kidole kifuani. Vifungo alikuwa amevikosea, tundu moja limebaki juu halina mwenzake. Fundi mzima! Mkwe lazima aliona, na aliona na mengine pia, lakini hakusema, wala sauti yake haikubadilika hata kidogo. Mzee akavifungua vifungo kimoja kimoja, akavifunga upya. Heshima ile ilimwingia ndani kuliko maji aliyokunywa.

Jioni, wakinywa chai, yeye mwenyewe ndiye aliyeanza. "Mwanangu, hii nyumba inatupika."

Kijiko cha mkwe kikatulia. "Inatupika, Baba," alisema, na pumzi aliyoishusha ilionyesha alikuwa ameibana siku nyingi.

Wakampigia simu dereva, wakaiweka sauti juu ili wote wasikie. Dereva hakuwa mtu wa kona nyingi isipokuwa za barabarani. "Si niliwaambia? Tubomoe yote, tuinue kitu cha maana, vioo mbele, viyoyozi kila chumba. Mtakaa kama mko kwenye jokofu!"

"Vioo mbele ndiyo jua liingie bila hodi," mkewe akamjibu. "Halafu kiyoyozi kinalitoa joto ndani na kumwagia jirani. Umeme ukikatika, tumerudi palepale. Na hii nyumba matofali yake bado ni mazima, mbao zake nzima. Tuzitupe wapi?"

"Sasa wewe unatakaje?"

Mzee akaingilia. "Subiri kwanza. Mteja akiniletea koti linalombana kwapani, silichomi moto. Nafumua pale panapobana."

"Umenimalizia maneno, Baba," mkwe akasema. "Ndiyo kazi yenyewe. Tunafumua panapobana."

Simu ikacheka. "Haya, mkishakuwa wawili mimi nabaki na usukani tu."

Kuanzia siku hiyo mkwe alikuwa akirudi kazini anakaa mezani anakata maboksi. Mzee alisikia wembe ukipita kwenye karatasi ngumu, akainusa gundi, akajizuia kuuliza. Siku ya mapumziko mkwe alimkalisha, akamwekea kitu mapajani. "Baba, michoro hutaiona. Hii ni nyumba yetu itakavyokuwa. Ishike."

Ilikuwa nyumba ndogo ya boksi, na paa lake liliinuka kama kifuniko cha sufuria. Vidole vya mzee, vilivyozoea kutafuta mshono gizani, vikaanza kutembea. "Hii kofia pana hivi ni ya nini?"

"Ni upenu. Umerefushwa ili jua la mchana lisiufikie ukuta. Ukuta usipopigwa jua, chumba hakina joto la kurithi."

"Na haya matundu juu, paa linapokutana?"

"Joto hupanda, Baba. Sasa hivi likipanda linagonga bati na kuturudia. Hapo litakuta pa kutokea."

Mzee akatumbukiza vidole viwili kwenye madirisha, kimoja huku, kingine kule, vikakutana katikati. Akacheka. "Yanatazamana."

"Lazima yatazamane. Upepo ni mgeni mwenye haraka. Ukimwonyesha mlango wa kuingia bila wa kutokea, haingii kabisa."

Walifurahi namna hiyo, mzee anauliza, mkwe anajibu: shimo la tangi la kukinga maji ya mvua, udongo wa shimo hilo utakaoshindiliwa uwe matofali, maji ya kuogea yatakayoteremka mpaka kwenye miti. Mpaka mkono wa mzee ulipofika magharibi, upande wa barabara. Ukapapasa. Ukarudi. Ukapapasa tena.

"Hapa pana nini?"

"Ni stoo, Baba. Na bafu. Upande huo unapigwa na jua la alasiri lote. Tukiweka vyumba ambavyo watu hawalali, vitatukingia wengine."

Kilikuwa chumba cha mkewe. Alikijenga mwenyewe walipooana, dirisha kubwa kuliko yote ya mtaa likatazama barabara, ili mwanamke wake akae pale aone dunia ikipita. Humo waliishi, humo alimuuguza, humo alimfumba macho. Na humo, ingawa alimwambia kila mtu analala vizuri, alikuwa anapitisha usiku akijipepea na gazeti.

"Chumba cha mama yako," alisema, "unataka kukitia ndoo na mifagio."

"Baba, sikukusudia…"

"Hapana. Usiseme kitu." Aliiweka ile nyumba mezani polepole, kama mtu anayerudisha chombo cha watu. "Iache ilivyo. Nimekwisha kuiva kiasi cha kutosha, hakuna haja ya kunitoa jikoni sasa."

Alitarajia mkwe abishe. Angebisha, angepata la kumkasirikia. Lakini mkwe alisema, "Sawa, Baba," akaiondoa nyumba ya boksi, na maisha yakaendelea kama zamani: kitambaa kilicholoweshwa, madirisha wazi, Kibonge akilia. Chai ilikuja kwa wakati, na sukari ilikuwa sawa. Hilo nalo lilimkera. Mtu unamnunia, naye anakukorogea chai vizuri!

Alasiri moja umeme ulikatika, feni ikazunguka mara ya mwisho ikafa. Mkwe alikuwa nyumbani. Kibonge alianza kulia, na kilio chake kilizunguka nyumba yote, sebuleni, koridoni, jikoni. Kisha kikatoka nje, na ghafla kikakatika.

Mzee akashtuka. Mtoto anayelia hunyamaza kidogo kidogo, hazimwi kama kibatari. Akasimama, akaweka kiganja ukutani, akaufuata ukuta: korido, mlango wa jikoni, jiko, mlango wa nyuma. Akakanyaga nje, kwenye kichochoro kilicho kati ya jiko na uzio, mahali pa mabeseni na kamba ya nguo, ambapo mwanamume hana shughuli napo.

Upepo ukampiga kifuani.

Haukuwa mkali. Ulikuwa mwembamba, wa kudumu, ukiingia kati ya ukuta na uzio kama uzi unaopita kwenye tundu la sindano, na upande huu wa mashariki ukuta ulikwisha kuachwa na jua tangu mchana, umepoa. Mzee akasimama mdomo wazi. Karibu na miguu yake Kibonge alikuwa akinyonya kwa raha, anagugumia.

"Nani alikuonyesha huku?" akauliza.

Kiti kidogo cha mbao kilialika chini ya mkwe. "Mama," akasema.

Na mzee akakumbuka. Wiki za mwisho, mkwe alipokuja kusaidia kuuguza, mkewe alikuwa akiomba kila alasiri kuletwa hapa. Nipelekeni kwenye mabeseni yangu. Yeye mumewe, ambaye macho yalikuwa bado yanaona kiasi, alimtania: hata ukiumwa, mke wangu, bado unasimamia mabeseni! Mwanamke akacheka naye, akashika mkono wa mkwewe, akaletwa. Mzee hakuwahi kutoka nje kuona anafanya nini. Alidhani ni mambo ya wanawake.

"Alikuwa anakuja kupumua," alisema.

"Ndiyo, Baba."

"Kumbe kile chumba hakukipenda."

"Hakusema hivyo. Nilikuwa namsugua mgongo hapa hapa, akaniambia, kile chumba kilijengwa kwa mapenzi, kikaelekezwa vibaya. Akacheka mpaka akakohoa. Akasema nisije nikakwambia, utaumia bure."

Mzee alitafuta ukuta akauegemea. Miaka yote ile mkewe alikaa pale dirishani, jua likimpiga usoni, kwa sababu mumewe alilijenga. "Na siku ile nilipokutolea maneno, mbona hukusema? Ungenishinda kwa neno moja."

"Marehemu hawezi kujibu, Baba. Sikutaka kumwita awe shahidi kwenye ubishi wetu."

Kibonge aliachia titi, akapiga chafya, akaendelea. Mzee akajifuta uso kwa kiganja, akajifanya ni jasho, ingawa pale hapakuwa na jasho.

"Chumba changu kiwe hapa," alisema. "Huu ukuta wa jiko usogezwe, kichochoro kifunikwe upenu. Sijui mnafanyaje, lakini kiwe hapa."

Mkwe akainuka, akamkabidhi mtoto, akaingia ndani. Alirudi na nyumba ya boksi. Akachukua kidole cha mzee, akakipitisha jikoni, akakitoa mashariki. Palikuwa na chumba. Kilikuwa na madirisha mawili yanayotazamana, na kibaraza kidogo cha kutosha kiti kimoja.

"Ulishakiweka!"

"Siku ile ile. Ila hukufika huku. Ulikasirikia magharibi."

Kazi ilipoanza, fundi mwashi aliyepewa tenda aliitwa Fundi Kesho, na hakuna aliyehitaji kueleza kwa nini. Siku ya kwanza alifika amechelewa, akapiga ukuta makofi, akasema kwa majivuno, "Wahenga walisema, usipoziba ufa, utajenga ukuta."

"Nasi tunabomoa ukuta," mkwe akamjibu, "kwa hiyo wahenga wapumzike. Shika nyundo."

Kabla nyundo haijaanza, mzee aliomba aachwe kidogo katika chumba kile. Alikaa kitandani, mikono magotini. Wakamngoja nje, hata Fundi Kesho. Alipotoka alisema tu, "Haya," akaenda zake upande wa pili wa uwanja.

Lakini hakukaa bure. Alidai kazi, akapewa ya kusafisha matofali yaliyotoka kwenye ukuta ule. Alikaa kivulini na patasi, anabandua saruji iliyokauka, na kila tofali aliligonga kwa kifundo cha kidole: linalolia kama kengele anaweka kulia, linalolia kama boga bovu anaweka kushoto, likavunjwe liwekwe chini ya sakafu. Wakati huo shimo la tangi lilichimbwa, udongo wake ukachanganywa na saruji kidogo sana, ukashindiliwa kwenye mashine ya mkono, ukatoka matofali ya rangi ya chai ya maziwa ambayo hayakuonja moto. Hapakuchomwa hata gogo moja la kuni. Mzee alikuwa akipita anayapapasa yakikauka kivulini. "Huu ni udongo wa uwani kwangu," aliwaambia mafundi. "Miaka yote naukanyaga, kumbe ni nyumba."

Mlango wa chumba cha zamani ulipigwa randa ukapachikwa kwenye chumba kipya. Hakuna aliyemwambia. Alipoingia mara ya kwanza na kushika kitasa, kile kilicholegea kidogo kinachotaka kuinuliwa kabla ya kuzungushwa, mkono wake ulikiinua wenyewe kabla akili haijafika. Mkwe akampisha.

Si kwamba kila kitu kilinyooka. Mvua ya kwanza iliponyesha wote walikaa kibarazani kusikiliza maji yakienda tangini. Hayakwenda. Yalikimbilia upande wa pili wa mfereji wa paa, yakajaa, yakamwagika pwaaa juu ya mlango wa jikoni, na juu ya mkwe, aliyekuwa amesimama pale pale akieleza mteremko ulivyopimwa.

"Ni mimi," mkwe alisema, maji yakimtiririka puani. "Nilipima kwa kufuata ardhi, na ardhi yenyewe imeinama. Fundi aliniuliza, nikambishia."

"Mmemsikia?" Fundi Kesho alipiga kelele akiruka-ruka mvuani. "Mashahidi mpo! Leo nilikuwa na haki!" Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake hakungoja kesho, alipanda ngazi siku hiyo hiyo, akaugeuza mfereji. Mzee alicheka mpaka akashika mbavu, na Kibonge, asiyejua lolote, akacheka kwa sababu babu anacheka.

Dereva alirudi kutoka safari ndefu mchana kweupe, wakati mbaya kuliko wowote kwa nyumba ya bati. Aliteremsha boksi kubwa kwenye lori, akaliingiza kwa goti na tumbo. "Nawajua nyie wawili," akasema, jasho likimtoka. "Mnajifanya wagumu. Nimewaletea kiyoyozi, na leo hii kinafungwa, sitaki maneno."

"Karibu nyumbani, mume wangu. Kaa kwanza upate chai."

"Nakaa, lakini simbadilishii mtu nia. Mimi nimesafiri, nimeona, watu wote siku hizi…" Alikaa kwenye benchi la sebuleni, mgongo kwenye ukuta wa udongo. Upepo ulipita dirishani, ukamzunguka shingo, ukatokea upande wa pili. "Watu wote siku hizi wana…" Akanyamaza kidogo kama anayetafuta neno. Wakasubiri. Kilichofuata ni mkoromo.

"Amesema watu wote wana nini?" mzee akauliza kwa sauti ya chini.

"Hajafika huko, Baba."

Alilala mpaka jioni na chai ikapoa. Siku ya pili alikirudisha kiyoyozi dukani, amekikumbatia, uso umemshuka, na aliporudi alianza kuwaeleza majirani getini jinsi upenu unavyofanya kazi, kama vile ni yeye aliyeugundua. Mkewe alimsikia kutoka ndani, akamwacha aendelee.

Vipele vya Kibonge vilikauka. Alasiri alilala kwenye chumba cha mashariki, kifuani kwa babu yake, wote wawili midomo wazi. Kisha akaanza kutambaa, kisha akaanza kusimama. Hakushika kiti wala meza kama watoto wengine. Alishika ukuta. Ulikuwa na ubaridi anaoupenda na ukwaruzi unaomshikilia kiganja, na akaufuata kwa mkono mmoja, hatua moja, kituo, hatua nyingine.

Ndivyo walivyokutana koridoni, babu akitoka huku, mjukuu akitoka kule, kila mmoja mkono wake kwenye ukuta ule ule. Vidole vikagusana. Mzee akasimama. Kibonge naye akasimama, anayumba, hataki kuuachia ukuta.

"Mama yake!" mzee akaita. "Njoo utuamulie. Hapa nani anampisha mwenzake?"

Mkwe alitoka jikoni, mikono ina povu la sabuni, akawaona. Akaegemea kizingiti. "Sijui, Baba," alisema. "Jamani, anatembea."

"Anatembea?"

"Ametoka chumbani mpaka hapo peke yake."

Mzee Kola akachuchumaa taratibu, goti moja, halafu la pili, mpaka uso wake ukawa sawa na wa mtoto. Akauachia ukuta. Akafungua mikono yote miwili gizani, akangoja.